Mjadala: Je, mgonjwa aulizwe makaratasi hospitalini?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Naomba hili tulijadili kwa utulivu, maana huku Marekani kila likitajwa watu hukimbilia siasa na mgonjwa anasahaulika.

Niko Texas, nahudumia wagonjwa. Tangu Novemba 2024, kwa amri ya Gavana Greg Abbott, hospitali za jimbo hili zinazopokea fedha za Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, zinatakiwa kuuliza kama mgonjwa yuko nchini kihalali. Jibu lake halimnyimi matibabu. Florida walitangulia na sheria ya aina hiyo mwaka 2023. Wanaoitetea wanasema serikali inataka tu kujua inatumia kiasi gani. Mimi napinga.

Alikuja mama mmoja, mzaliwa wa Honduras, ana kisukari cha miaka mingi. Kidonda cha mguu alikuwa akikiosha nyumbani kwa maji ya chumvi, wiki ya tatu hiyo. Nikamuuliza kwa nini amechelewa. Akasema mwanawe alimwambia siku hizi hospitali zinaandika majina. Kwamba jibu halimzuii mtu kutibiwa, hilo halikumfikia. Lililomfikia ni kwamba wanauliza. Amekatwa vidole viwili.

Na hofu hii haiwapati wasio na makaratasi peke yao. Mei 2008, maofisa wa uhamiaji walivamia kiwanda cha nyama mjini Postville, Iowa, wakakamata watu 389 kwa siku moja. Baadaye watafiti walipitia vyeti vya kuzaliwa vya jimbo zima. Katika wiki 37 zilizofuata uvamizi, watoto wa akina mama wa Kilatino walikuwa na hatari ya asilimia 24 zaidi ya kuzaliwa na uzito pungufu kuliko kipindi kama hicho mwaka uliotangulia. Humo wamo akina mama waliozaliwa Marekani, raia kamili, wasio na pa kufukuziwa. Kwa akina mama wazungu hali haikubadilika hivyo.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, pole kwa huyo mama, lakini sikubaliani nawe. Sheria ya mwaka 1986 tayari inailazimisha idara ya dharura kumhudumia yeyote anayefika, awe na hati au hana. Hilo linatosha. Mimi nilifuata utaratibu, nikasubiri miaka, nikalipa ada zote. Nilipopata kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, nikaambiwa nisubiri miaka mitano mingine ndipo niombe Medicaid, kwa sheria ya mwaka 1996. Kwa nini aliyeruka foleni ahudumiwe kabla yangu? California walifungua bima yao kwa watu wa umri wote Januari 2024, bila kujali hati. Gharama ikawashinda, na kuanzia Januari 2026 hawaandikishi tena watu wazima wapya wasio na hati. Mfuko una kikomo, na serikali ina haki ya kuhesabu.

Mtoa mada

Mkuu, hiyo miaka mitano ni dhuluma na nakuunga mkono. Ila hukunyimwa na yule mama wa Honduras. Mliwekewa ukuta na sheria ile ile, wewe na yeye.

Na hiyo dharura unayosema inatosha, njoo uione kwa mgonjwa wa figo. Mwenye bima husafishwa damu mara tatu kwa wiki. Asiye na makaratasi, katika majimbo mengi, hungoja mpaka apumue kwa shida na potasiamu ipande kiasi cha kutishia moyo. Hapo ndipo anahesabika kuwa dharura. Anawekwa kwenye mashine, anarudi nyumbani, anaanza kungoja upya. Watafiti waliwalinganisha wahamiaji wa Denver na Houston waliosafishwa kwa dharura tu na wa San Francisco waliokuwa na ratiba. Kufikia mwaka wa tano, hatari ya kufa kwa wale wa dharura ilikuwa zaidi ya mara 14 ya wale wenye ratiba. Na mfuko unaoulinda haukupona, kwa sababu kulazwa kila mara ni ghali kuliko ratiba. Colorado waliliona hilo, wakabadilisha utaratibu mwaka 2019.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mama, naishi Ohio. Mnabishana kuhusu kuuliza, lakini mambo yameshapita hapo. Januari 2025 serikali ya Marekani iliondoa mwongozo uliowazuia maofisa wa uhamiaji kukamata watu hospitalini. Katikati ya mwaka huo huo taarifa za watu walio kwenye Medicaid zikakabidhiwa Idara ya Usalama wa Ndani, kesi za kupinga zikafunguliwa. Jirani yangu wa El Salvador amewatoa watoto wake kwenye bima hiyo, na wote wawili wamezaliwa hapa. Mkubwa ana pumu. Juzi usiku alikuja kuniomba dawa ya kuvuta ya mwanangu.

Kaka uliyesema serikali ina haki ya kuhesabu, sikugombezi. Ila jirani yangu ananiuliza kama ni salama kuwarudisha watoto. Nimjibu nini?