Re: Re: Re: Hati ya kiapo imekataliwa

Mama Hawi, Minneapolis:
Wanakwetu, hamjambo. Ofisi ya Kenya ya huku imenirudishia fomu ya pasipoti ya mtoto. Kwenye ID mimi ni Akinyi, kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto karani aliandika Akini. Nilipeleka hati ya kiapo yenye muhuri wa wakili na barua ya chifu wa Nyalenda. Kijana wa dirishani akazisukuma kwa ncha ya kalamu: "Mama, hizi hazithibitishi." Nithibitishe mpaka wapi? Nani amerekebisha jina bila kurudi nyumbani?

Wafula, Dallas:
Mulembe dada, pole. Wewe unadaiwa ushahidi kuliko wanaotaka kumng'atua rais. Gachagua 2024 si wabunge walimpigia tu kura 281 kwa 44, kwisha?

Kiprono, Toronto:
Wafula, kwanza yule alikuwa naibu wa rais, ingawa kifungu cha 150 cha katiba kinampitisha njia ileile ya 145. Pili, haikwishia hapo. Hoja huungwa mkono na theluthi moja ya wabunge ndipo ijadiliwe, kisha ipite kwa theluthi mbili ya wabunge WOTE, yaani 233 kati ya 349, si ya waliofika siku hiyo. Spika ana siku mbili kumwarifu mwenzake wa Seneti, na Seneti ina siku saba kuketi. Huko zinatakiwa kura 45 kati ya 67, shtaka kwa shtaka. Ya Gachagua yalikuwa 11, yakapita 5. Ukitaka kujua hesabu ina meno, uliza kwetu Kericho: madiwani (MCA) 31 kati ya 47 walimwondoa gavana Oktoba 2024, Seneti ikaitupa hoja mwezi uleule. Theluthi mbili ya 47 inazidi 31, na hakuna kipande cha mtu kinachopiga kura. Ilitakiwa 32.

Mama Hawi:
Asante kwa somo. Na hati yangu je?

Wafula:
Wewe Kiprono unahesabu vichwa, mimi nauliza ushahidi. Gachagua amelazwa hospitali, mawakili wake wameondoka, Seneti inaendelea usiku. Na kwa upande wa uhalifu katiba inataka "sababu nzito za kuamini" tu.

Baba Nekesa, Leeds:
Vijana, someni kesi ya Wambora, aliyekuwa gavana wa Embu. Mahakama ya Rufaa ilisema kumwondoa gavana kunataka uthibitisho uliozidi ule wa kesi ya madai lakini usiofika "bila shaka yoyote" ya jinai. Na kosa liwe kubwa, si kila kuteleza. Gavana si rais, najua, Kiprono usiniandikie. Lakini mtu aliyechaguliwa na mamilioni atapimwaje kwa kipimo cha chini ya hicho?

Nyambura, Boston:
Mzee, kipimo mnachosema kinashikwa na wanasiasa wenye vyama. Shangazi yangu Nakuru alijaza fomu ya maoni ya wananchi kuhusu hoja ya Gachagua. Nani aliisoma?

Wafula:
Ndiyo hiyo!

Kiprono:
Si ndiyo hiyo. Kushirikisha wananchi ni takwa la katiba, na kupuuza maoni yao ni kosa lingine. Msichanganye.

Nyambura:
Umekuwa spika sasa? Nani anatoka nyumbani mwezi huu aniletee omena, dagaa wa ziwani? Za duka la huku zina mchanga.

Baba Nekesa:
Mpwa wangu yuko Kisumu mpaka Ijumaa. Niandikie faraghani. Omena za ufuo wa Dunga au za Usenge?