Terminali ipi inafaa kwa kazi za kila siku? Naombeni ushauri

Kalamu_Mbale:
Wakubwa, habari za humu. Natunza tovuti za wateja, kutwa nzima nimo ndani ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri: kihariri cha vim upande huu, logi (kumbukumbu za matukio) za seva upande ule. Siku hizi nikifungua madirisha matatu tu feni inanguruma, na umeme ukikatika betri haifiki popote. Terminali ni nyingi, Alacritty, kitty, WezTerm, Ghostty, kila mtu anasifia yake. Nichukue ipi? Kompyuta ni ya kawaida tu, Linux.

Stejini_Jinja:
Ghostty, mjadala umekwisha. Imetoka Desemba 2024.

Nyanya_wa_Bando:
Mimi kinachonitesa si terminali, ni mtandao. Nikiwa kwenye basi la Tororo na bando la simu, muunganisho ulikuwa ukikatika kazi inakufa nayo. Tangu nianze kufungua tmux, programu inayoshikilia kazi za terminali hata ukikatika, kule kule kwenye seva, mtandao ukirudi naandika `tmux attach`, nakuta kila kitu kama nilivyokiacha. Mosh nayo, ya kuingilia kwenye seva ukiwa mbali, inavumilia sana mtandao wa kuyumba. Rangi baadaye.

Mzee_Bombo:
Vijana mnamaliza wiki kwenye rangi na fonti huku mteja anasubiri. Na "kompyuta ya kawaida" ndiyo ipi? Taja jina tukusaidie.

Kalamu_Mbale:
Mzee, ni ThinkPad X200. Kaka yangu aliniachia alipohama, na kibodi yake siibadilishi na yoyote. Halafu niseme tu, kitty nimeshaisakinisha. Nimepanga rangi, vidirisha, hata picha naziona humo humo kwa amri yake ya icat. Nataka kujua kama ipo nyepesi zaidi inayofanana nayo.

Fundi_Katwe:
Hapa tunatungiwa. X200 ni ya 2008, chipu yake ya picha ya Intel inaishia toleo la 2.1 la OpenGL, njia ambayo programu huchorea kwa chipu ya picha. kitty inadai OpenGL 3 kwenda juu, isipoipata haifunguki. Ama hana hiyo X200, ama hana hiyo kitty.

Stejini_Jinja:
😂😂 Wasimamizi, uzi ufungwe.

Nyanya_wa_Bando:
Jamani, tusimhukumu mtu kabla hajajibu. Kalamu, ukiwa ndani ya kitty andika `glxinfo -B`, utuletee mstari wa renderer, unaotaja kinachochora skrini.

Kalamu_Mbale:
Situngi chochote. Imeandika llvmpipe. Mwanzoni iligoma kufunguka, rafiki akanipa `LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1` niiweke mbele ya amri, ikakubali. Sikuitaja kwa sababu inafanya kazi.

Fundi_Katwe:
Basi nimekuamini, na feni yako nimeielewa. llvmpipe maana yake prosesa ndiyo inachora kazi ya chipu ya picha. Logi zikimiminika, Core 2 Duo yako inachora skrini upya bila kupumzika, na betri inalipa. Ghostty inayosifiwa hapo juu nayo inaegemea chipu ya picha, haikutoi hapo. Kwa mashine hii chukua xterm au urxvt. Zinachora herufi bila OpenGL. urxvt ukiiendesha kwa `urxvtd`, madirisha yote yanakaa kwenye mchakato mmoja, RAM inapona.

Kalamu_Mbale:
Na vidirisha vyangu? kitty nimeizoea, ssebo.

Nyanya_wa_Bando:
Vidirisha vimo ndani ya tmux, terminali yoyote ile. Ctrl-b kisha `%` unagawa kushoto na kulia, Ctrl-b kisha `"` juu na chini. Na kama kuna seva zilizokuwa zinakataa xterm-kitty, jina ambalo kitty hujitambulisha nalo, hazitakusumbua tena.

Mzee_Bombo:
Picha ufungue kwa programu ya picha, kama sisi wengine.

Kalamu_Mbale:
Kabla sijakubali: wateja wangu wengine maandishi yao ni ya Kiganda. xterm itaonyesha ŋ? Niliwahi kuijaribu nikapata kisanduku kitupu.

Fundi_Katwe:
Itaonyesha, ukiipa fonti yenye herufi hiyo na mfumo wako uwe wa UTF-8, usimbaji unaobeba herufi za lugha zote. Weka hii kwenye faili la mipangilio, `~/.Xresources`:

`XTerm*faceName: DejaVu Sans Mono`
`XTerm*faceSize: 11`

Kisha `xrdb -merge ~/.Xresources` ili mipangilio isomwe, fungua xterm mpya, andika eŋŋoma. Ikigoma leta picha ya skrini hapa.