Chungu cha jiko banifu kinapasuka: kosa ni udongo au moto?

mama_mwanga
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu hapa Mwanga, Kigoma, kinatengeneza majiko banifu ya mkaa (yale ya bati yenye chungu ndani, yanayobana matumizi ya mkaa). Katika vyungu 10 vya ndani, 3 au 4 vinapasuka tanuruni, na vingine wateja wanavirudisha. Udongo ni wa bondeni, tunaukausha siku mbili juani. Wapo wanaotushauri tuagize majiko Dar tuuze tu. Kipi kina faida kwa mtaa?

mfinyanzi_ujiji
Dada, anza na hilo jua. Nje panakauka na kusinyaa huku ndani bado kuna maji. Ufa unazaliwa hapo, kabla hata ya moto. Kausheni kivulini wiki moja hadi mbili, masika zaidi, mkivigeuza kila siku.

Udongo mtupu wa bondeni una mnato mno. Utwangeni, mchekeche, mchanganye ndoo 3 na ndoo 1 ya mchanga laini au vigae vilivyotwangwa (vyungu vilivyopasuka msitupe!). Hicho ni kipimo cha kuanzia. Jaribuni vyungu viwili vitatu kwanza.

Tanuruni, saa za mwanzo moto uwe mdogo wa kufukuza mvuke tu. Maji yakichemka ndani ya udongo, chungu hupasuka. Mvuke ukiisha, ongezeni moto polepole mpaka chungu kiwake chekundu cha kuelekea rangi ya chungwa, kisha tanuru lipoe lenyewe hadi kesho yake.

fundi_bati
Yale yanayorudishwa: angalieni kama chungu kinagusa bati. Acheni nafasi ya sentimita 1 hadi 2, mjaze saruji kipimo 1 kwa majivu yaliyochekechwa vipimo 4. Saruji tupu hupitisha joto na kupasuka. Mlango wa hewa nao ufunge sawasawa, la sivyo mkaa unateketea hata maharage yakishachemka.

Jiko la Dar linaacha hapa faida ya muuzaji peke yake. La hapa linamlipa mchimba udongo, mfinyanzi, fundi wa mapipa chakavu na mwenye mkokoteni. Na nyumba inayochoma kilo 3 kwa siku, ikipunguza theluthi, inabakiza kilo 30 kwa mwezi. Hela hiyo inaishia kwenye dagaa na mawese ya genge la jirani. Muuza mkaa atauza pungufu, ni kweli, naye ni jirani yetu. Mpeni majiko auze kwa kamisheni, maana wateja ni walewale.

mama_mwanga
Asanteni sana. Hiyo theluthi tutaithibitishaje kwa mteja?

mfinyanzi_ujiji
Kwa mizani. Pimeni mkaa kilo 1.5 kwa jiko la kawaida na kiasi hichohicho kwa lenu, mpike maharage kilo 1 ya gunia moja, sufuria ileile na mfuniko wake. Yakiiva, zimeni mkaa kwa kuufunika kwenye debe bila maji (ukiloa, uzito unadanganya), mpime uliobaki. Rudieni mara tatu. Tofauti ikiwa chini ya robo, kagueni matundu ya chungu kwanza: yakiwa finyu majivu yanaziba hewa, yakiwa mapana mkaa unadondoka. Upana wa sentimita 1.5 unatosha.