Benki imepokea fedha za mnada, sasa inaniambia mkazi wa nyumba ni mzigo wangu

Wakuu, salaam. Nimenunua nyumba ya rehani kwenye mnada wa hadhara hapa Dar es Salaam, maeneo ya Segerea. Nililipa asilimia 25 papo hapo nyundo ilipogongwa, nikamalizia salio ndani ya siku 14 kama masharti yalivyotaka, na cheti cha mauzo ninacho. Nyumba yenyewe siingii. Mmiliki wa zamani bado yumo ndani, wapangaji wa vyumba vya uani wanaendelea kumlipa yeye kodi, na ukuta wa mbele umeandikwa kwa rangi nyekundu "NYUMBA HII HAIUZWI, MATAPELI KAENI MBALI", maandishi ambayo siku ya mnada hayakuwapo. Yaani tapeli ni mimi.

Huyo mzee simlaumu sana, maana anayefukuzwa kwake hawezi kukaa kimya. Hasira yangu yote ni kwa benki. Kabla ya mnada ofisa wao alikuwa akipokea simu hata usiku. Salio lilipoingia, jibu likawa moja tu, kwamba nyumba iliuzwa kama ilivyo na kumwondoa mkazi ni jukumu la mnunuzi. Dalali naye anadai kazi yake iliishia kwenye nyundo (kamisheni, bila shaka, alishachukua).

Sasa mzee amefungua shauri la kupinga mnada na mimi ni mdaiwa wa tatu. Anadai kwamba hakupewa notisi ya siku 60, kwamba mkewe hakuridhia rehani, kwamba tangazo la mnada halikutimiza siku 14, na kwamba nyumba iliuzwa kwa bei ya kutupa. Katika hayo yote, lipi nililifanya mimi? Kifungu cha 135 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinamlinda mnunuzi wa nia njema, na aliyeumizwa na mauzo yasiyo halali anaelekezwa kudai fidia kwa aliyeuza. Lakini ulinzi huo unautetea mwenyewe, kwa wakili unayemlipa mwenyewe, huku zuio la mahakama likikunyima hata kuhamisha hati na fedha zako zikiwa zimeshafuta deni la mtu mwingine.

Kuhusu bei, sheria hiyohiyo inasema kwamba nyumba ikiuzwa chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki huhesabiwa kuwa imekiuka wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Ripoti ya uthamini wanayo wao, na nilipoiomba niiambatanishe kwenye utetezi wangu, niliambiwa ni siri ya mteja.

Nimewaandikia kwamba wanikabidhi nyumba ikiwa tupu, ama warudishe fedha zangu kwa riba ileile wanayowatoza wakopaji wao. Mliowahi kununua kwa njia hii, yupo aliyefanikiwa kuweka sharti la kukabidhiwa nyumba kabla ya kulipa salio, na benki ikakubali?