Tupeane uzoefu: Mlioko serikalini upande wa TEHAMA (teknolojia ya habari na mawasiliano), slipu ya mshahara inasomaje na mnaishije?

Fundi Waya (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu kafanya usaili wa Sekretarieti ya Ajira, nafasi ya Afisa TEHAMA Daraja la II, anasubiri majina yatoke. Juzi kanipigia kuuliza kitu kimoja tu: "Kaka, hivi inalipa?" Nikacheka badala ya kujibu. Nina miaka 11 kwenye halmashauri moja huku Kanda ya Ziwa na jibu la neno moja sina. Aliyeko wizarani, hospitali, halmashauri, taasisi, hata aliyeacha, aje aseme yake. Ofisi msizitaje, watu wana vibarua vyao.

Naanza mwenyewe. Niliripoti 2014. Ofisi niliyokabidhiwa ilikuwa stoo, CPU mbovu zimepangwa mpaka zinaziba dirisha, meza moja imekaliwa na tofali upande wa mguu uliokatika. Nilikuwa peke yangu halmashauri nzima. Ndani ya wiki nikajua TEHAMA ni printa: printa ya Mkurugenzi, printa ya masijala, printa ya manunuzi. Baadaye zikaja mashine za POS za kukusanyia ushuru, na hapo usingizi ukaisha. Saa tatu usiku mtendaji wa kata anapiga: "Afisa, mashine haisomi, kuna Fuso la mahindi hapa kizuizini na dereva anataka kuondoka." Unamwelekeza kwa simu, kwa vocha yako. Vocha hiyo haina kifungu kwenye bajeti.

Mshahara sasa. 2016 nilikuwa nasubiri kupanda daraja, ukaja uhakiki wa watumishi hewa na wa vyeti, mambo yote yakasimama. 2017 makato ya Bodi ya Mikopo, wanaodai mkopo wa chuo, yakaruka toka 8% mpaka 15%. Yaani daraja halijapanda na kinachoingia mkononi kimepungua. Daraja nilikuja kulipata 2021.

Mchele Mbeya

Mkuu weka namba. Madogo wanaona "milioni moja" kwenye tangazo wanaanza kuulizia bei za gari la IST.

Fundi Waya

Haya. Chukulia mshahara ghafi ni 1,000,000 kamili, hesabu iwe nyepesi. Mfuko wa pensheni, PSSSF, 5%, hiyo 50,000. Kodi inakatwa kwenye 950,000 iliyobaki, inakuja 115,500. Bima ya afya 3%, 30,000. Chama cha wafanyakazi 2%, 20,000, na huyu anakata hata kama hujui ofisi yake ilipo. Bodi ya Mikopo 15%, 150,000. Mkononi unabaki na 634,500, na hapo hujagusa mkopo wa benki. Dogo atulie na IST.

Ila niseme haki, tangu 2021 ile 6% ya kutunza thamani ya mkopo imefutwa, kwa hiyo deni la Bodi sasa linaisha kweli. Zamani ulikuwa unalipa na linakua, kama kuchota maji kwa tenga.

Dada wa Seva

Naomba niseme la hospitali maana huwa tunasahaulika. Niko hospitali ya rufaa, mimi na kijana mmoja tunasimamia mfumo wa wagonjwa, mtandao, kompyuta zote. Mfumo ukilala saa nane usiku, dirisha la malipo linasimama, maabara hawaoni vipimo vilivyoagizwa, famasia hawatoi dawa. Ananipigia msimamizi wa zamu. Naamka, naacha mtoto kwa dada wa kazi, nachukua boda mpaka chumba cha seva.

Daktari aliyeitwa usiku huo ana posho ya kuitwa kazini. Nesi anayo. Fundi wa jenereta nilimwona kwenye orodha mara moja. Mimi nikaandika barua, nikajibiwa kwamba posho hiyo ni ya kada za afya na mimi si kada ya afya. Sawa. Mwezi uliofuata nikaandikiwa barua ya kujieleza kwa nini mfumo ulilala saa mbili nzima usiku wa Jumapili. Hapo nikawa kada ya afya.

Nisilaumu tu. Nimejifungua nikiwa kazini, siku 84 mshahara kamili, na hakuna aliyenitumia ujumbe niwashe laptopu. Rafiki yangu kwenye kampuni moja binafsi alirudishwa kazini kwa simu mtoto ana wiki tano. Na bima ya NHIF imetibu mpaka mama yangu mzazi. Hivi navyo ni mshahara, sema havionekani kwenye slipu.

Mchele Mbeya

Dada hiyo ya "hapo nikawa kada ya afya" nimecheka kwa uchungu.

Kibali Mkononi

Mnachopaswa kumwambia huyo dogo ni hiki: serikalini hakuna mshahara wa TEHAMA. Kuna mshahara wa sehemu uliyopangiwa. Programa wa halmashauri na programa wa taasisi yenye muundo wake wa mishahara wanaweza kuwa wamesoma darasa moja, wanaandika programu zilezile, slipu zikawa kama za watu wa nchi mbili tofauti.

Mimi nilianzia wizarani, nikapata nafasi ya kuhamia taasisi moja inayojiendesha. Kibali cha kuhama kilichukua miezi 14. Kila nikiulizia naambiwa faili liko mezani, halafu ukifika mezani unaambiwa mwenye meza yuko safari. Nilipohama mshahara ulikaribia mara mbili, juu yake nikakuta posho ya nyumba na mkopo wa gari wa ofisi. Kazi ileile. Tena nyepesi, maana huku tuko tisa na kila mtu ana eneo lake: mtandao, hifadhidata, usalama.

Fundi Waya

Umegusa ninachokiona kila mwaka. Msimu wa bajeti tunakwenda Dodoma na wahasibu na watu wa mipango kuingiza mipango na bajeti kwenye mfumo wa PlanRep. Usiku wa manane wote wananiita mimi. Siku hizo ndiyo napumua, maana 2022 posho za safari zilipanda, kiwango cha chini toka 80,000 mpaka 100,000 kwa siku. Siku kumi Dodoma, ukilala chumba cha bei ya chini na kula kwa mama ntilie, unarudi na bati za banda. Lakini mwaka nisipopangwa kwenye safari, nakuwa na mshahara mtupu. Na anayepanga majina ana watu wake.

Jamaa wa Eldoret

Sisi huku Kenya slipu inaonyesha marupurupu ya nyumba na ya usafiri kando, unaona vizuri. Halafu yanaliwa: SHIF ya afya 2.75%, ushuru wa nyumba 1.5%, NSSF ya pensheni, HELB ya mkopo wa chuo. Mimi niko kaunti. Shida yetu kubwa ni kuchelewa, hela ikikwama Nairobi unangoja mpaka tarehe 15 ya mwezi mwingine, na mwenye nyumba hajui mambo ya Hazina.

Fundi Waya

Hapo tunawazidi. Huku kabla mwezi haujaisha mshahara umeingia. Hilo siwezi kulipinga.

Mtoro wa Makole

Mimi niliacha. Miaka sita wizarani, nikapata kazi ya kuandika programu na kampuni ya nje nikiwa nyumbani, wananilipa kwa dola. Mwaka wa kwanza nilijiona mjanja. Wa pili wakapunguza watu kwa barua pepe, Ijumaa jioni. Barua pepe ya mistari minne.

Mchango wangu PSSSF ni wa miaka sita, na pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180. Nilikuwa sijawahi kupiga hesabu hiyo. Na benki ambayo ilikuwa inanibembeleza kwa meseji nikope, niliporudi bila cheki namba ya mtumishi waliniomba hati ya nyumba. Sijutii, nimejifunza ndani ya miaka miwili vitu ambavyo wizarani ningezeeka sijavigusa. Ila anayetaka kutoka apige hesabu akiwa bado ndani.

Nauli Tu

Mimi najitolea halmashauri mwaka wa pili. Nalipwa nauli, ikikumbukwa. Nywila ya mfumo wa mapato ninayo mimi. Basi.

Mchele Mbeya

@Nauli Tu pole mdogo wangu. Hiyo nywila usimpe mtu.

Fundi Waya

Wakuu, mrejesho. Majina yametoka leo, dogo yumo. Kapangiwa halmashauri ya pembezoni, hajawahi hata kuisikia. Anauliza posho ya kujikimu ya kuripoti inatoka siku hiyohiyo?

Dada wa Seva

Mwambie abebe godoro na hela ya miezi miwili.

Kibali Mkononi

Na nakala za vyeti seti tano. Na tofali la meza.