Mjadala: Je, polisi wawe na mamlaka ya kuzuia mkutano wa hadhara kabla haujafanyika?

Mleta mada:
Wako wanaodai kwamba uhuru wa kusema ulikuwa kamili katika Roma ya kale, ambako raia walikutana Forum Romanum, uwanja mkuu wa mji, na kusema walichotaka, na kwamba masharti yameletwa na serikali za leo. Sikubaliani nao. Mkutano wa kujadili mambo ya umma uliitishwa na kiongozi mwenye madaraka, naye ndiye aliyeamua nani apande Rostra, jukwaa lililopambwa kwa omo za merikebu zilizotekwa Antium mwaka 338 KK. Raia wa kawaida alibaki chini akishangilia au kuzomea, ingawa zomeazomea hiyo viongozi waliiogopa kwelikweli. Cicero, msemaji na mwanasiasa mashuhuri wa Roma, alipouawa mwaka 43 KK, kichwa chake na mikono viliwekwa hadharani kwenye jukwaa hilo la wasemaji.

Uwanja, basi, ulikuwepo. Haki ya kuuitishia mkutano ndiyo haikuwa ya kila mtu. Mwaka 1866 serikali ya Uingereza ilifunga milango ya Hyde Park, bustani ya umma jijini London, dhidi ya waliodai haki ya kupiga kura, nao wakaung'oa uzio. Nchini Tanzania, mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa mwaka 2016 kwa tamko, na Januari 2023 zuio likaondolewa kwa tamko jingine. Haki inayokuja na kuondoka hivyo ni hisani ya mtawala. Naona inatosha mwandaaji atoe taarifa mapema, kisha polisi wapange ulinzi.

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu mleta mada, umeiacha Januari ya mwaka 52 KK. Wafuasi wa mwanasiasa Clodius, aliyeuawa katika mapambano na watu wa hasimu wake Milo, waliichoma maiti yake ndani ya jengo la Seneti hadi jengo lenyewe likateketea. Matokeo yake jemadari Pompeius alifanywa konsuli peke yake, ingawa cheo hicho cha juu kwa kawaida kilishikwa na watu wawili, na kesi ya Milo ikaendeshwa huku askari wakilinda Forum. Je, makundi mawili yenye uhasama yakitaka uwanja mmoja kwa saa ileile, polisi wangoje damu imwagike?

Mleta mada:
Hali hiyo Sheria ya Utulivu wa Umma ya Kenya imekwisha kuitaja. Mwandaaji hutoa taarifa kati ya siku 3 na 14 kabla, na iwapo mkutano mwingine umetangulia kuarifiwa kwa mahali na wakati huohuo, ofisa humjulisha kwamba hautawezekana hapo. Hiyo ni kazi ya kupanga ratiba, ambayo siipingi hata kidogo. Ama kuhusu Clodius, waliouhutubia na kuuchochea umati ule mbele ya maiti walikuwa matribuni, yaani viongozi walewale ambao sheria ya Roma iliwapa haki ya kuitisha mkutano.