Kuhamia Nakuru au Kisumu kwa pensheni ndogo

Mstaafu mtarajiwa: Ndugu zangu, nitastaafu mwezi Desemba, na pensheni yangu haitamudu kodi ya Nairobi. Je, nihamie Nakuru au Kisumu, ikizingatiwa kwamba mke wangu ana shinikizo la damu na hatuna gari?

Mkazi wa Lanet: Mzee, viazi na mboga za Molo na Njoro hufika soko la Nakuru bila safari ndefu. Hata hivyo, usilipe kodi kabla ya kuuliza maji yanatoka wapi, kwa maana visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi ambayo hubadilisha rangi ya meno na haiondoki kwa kuchemshwa, hivyo utalazimika kununua maji ya kunywa au kuvuna ya mvua, gharama ambayo mwenye nyumba hataitaja.

Mama wa Mamboleo: Kisumu tuna Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo ni ya rufaa. Mtaani Nyalenda kodi ni nafuu, lakini sehemu zake hufurika wakati wa masika. Joto ni kali, na chandarua si anasa.

Mstaafu mtarajiwa: Asanteni. Tutapanga nyumba Mamboleo, huko Kisumu, miezi mitatu kwanza. Mama watoto ameshakataa baridi ya Nakuru.